UZI: Nani hupewa nishani Uingereza na nani huachwa? Blair, Brown, Johnson na wenzao

#1 Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila Waingereza wakitoa orodha yao ya nishani, swali ni lile lile humu jukwaani. Mbona Tony Blair, pamoja na Iraq yote ile, ni Sir? Gordon Brown aliyempokea kijiti si Sir. David Cameron ni Lord. Boris Johnson hana hata cha kubandika kifuani. Wajibuji hugawanyika pande mbili: wapo wa "kujuana tu" na wapo wa "utumishi uliotukuka". Wote nawaona wamepita kando. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke.

Tuanze kwa kuacha kuziweka nishani zote kapu moja, maana hazitoki kwa mtu mmoja. Zipo ambazo Mfalme hutoa kwa utashi wake, waziri mkuu hana kauli. Kubwa yao ni Garter, inayokuja na u-Sir wake, iliyoasisiwa na Edward III mwaka 1348. Ina watu 24 tu, ukiacha Mfalme mwenyewe na watu wa familia yake. Waskoti nao wana yao, Thistle. Halafu kuna Order of Merit ya mwaka 1902, nayo mwisho watu 24. Upande wa pili ni zile ambazo waziri mkuu hupeleka majina na Mfalme anaidhinisha: ulodi, u-Sir wa kawaida, u-Dame kwa wanawake, na CH (Companion of Honour), ambayo ilianza 1917 na haizidi wanachama 65.

Kwa hiyo ukisikia fulani kapewa, usikimbilie kuuliza alifanya nini. Uliza kwanza siku hiyo kalamu alikuwa nayo nani, na huyo mwenye kalamu alikuwa anamhitaji, anamlipa, au anamtafutia mlango wa kutokea.

Tuchukue Garter. Zamani ilitolewa kwa ushauri wa waziri mkuu kama nyingine. Mwaka 1946 Attlee na Churchill, serikali na upinzani, wakakubaliana imrudie mfalme mikononi. Tangu hapo mawaziri wakuu wastaafu wanasubiri kwenye foleni ambayo hakuna anayejua inaendaje. Wilson aliondoka madarakani 1976 akapewa mwaka huo huo. Callaghan aliangushwa 1979, akapewa 1987. Thatcher alitoka 1990, akapewa 1995. Major alitoka 1997, akapewa 2005. Heath, masikini, alitoka 1974 akapewa 1992, miaka 18! Blair alitoka 2007 akatangazwa tarehe 31 Desemba 2021.

Mnakumbuka zogo lililofuata. Watu zaidi ya milioni moja walitia saini ombi la mtandaoni avuliwe. Juni 2022 akavishwa pale Windsor kama kawaida. Wengi walidhani serikali ya Johnson ndiyo imempa, wakawa wanaibana serikali kwa kitu ambacho serikali haikukitoa. Mtoaji alikuwa Malkia Elizabeth.

Kabla ya hapo kulikuwa na kituko cha 2011. Harusi ya William na Kate, Major na Thatcher walialikwa (Thatcher hakuweza kwenda kwa sababu ya afya), Blair na Brown hawakualikwa. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba wale wawili wa kwanza ni wana-Garter na hawa wawili siyo. Yaani mtu kaongoza nchi miaka kumi, kadi ya harusi inamkosa kwa sababu ya utepe.

Ulodi ni habari nyingine kabisa, kwa sababu ulodi ni kiti. Ukipewa unaingia Bunge la Malodi na unapoteza haki ya kukaa bunge la chini. Ndiyo maana ulodi mara nyingi ni kifaa cha kazi, hauhusiani na shukrani. Novemba 2023 waziri mkuu Rishi Sunak alimtaka Cameron awe Waziri wa Mambo ya Nje. Cameron hakuwa mbunge tangu 2016, na kwa mila zao waziri lazima awe katika bunge mojawapo. Suluhisho: akafanywa Lord Cameron wa Chipping Norton, asubuhi hajakaa sawa tayari ni waziri. Brown alifanya hivyo hivyo kwa Peter Mandelson mwaka 2008 alipomhitaji kwenye biashara. Kwa hiyo ukimwona Cameron ni Lord na Brown siyo, usidhani kuna mzani uliopima nani alikuwa waziri mkuu bora.

#2 Bint Kisauni

Kaka Kalamu, nimekusoma. Lakini Brown hujamgusa. Kaokoa mabenki 2008, wenyewe wanamsifia. Kwa nini hana kitu?

#3 Kalamu Nyeusi

Dada, Brown anacho. Juni 2024 alipewa CH. Na ukiichunguza hiyo CH utaona inamfaa yeye hasa: haina "Sir" na haina kiti. Unaongeza herufi mbili mwisho wa jina, basi.

Tazama msimamo wake. Mwaka 2022 aliongoza tume ya chama cha Labour iliyopendekeza Bunge la Malodi lifutwe, mahali pake liwekwe baraza la kuchaguliwa la mataifa na mikoa. Mtu aliyeandika hayo akienda kuvaa joho jekundu la malodi atachekwa mpaka kwao Kirkcaldy. Hapa ndipo watu husahau jambo kubwa: wengi "walioachwa" hawakuachwa, walikataa. Utaratibu wao ni kwamba unaandikiwa barua ya siri kwanza kuulizwa kama utapokea. Ukisema hapana, jina halitoki na hakuna tangazo.

Chamberlain, yule wa mkataba wa Munich, alikataa Garter na ulodi alipokuwa anaondoka 1940, akafa Bwana Chamberlain. Churchill aliikataa Garter 1945 alipotoka kushindwa uchaguzi, akaipokea 1953. Alipostaafu 1955 akatajiwa u-Duke, cheo kikubwa kuliko vyote nje ya familia ya kifalme, akakataa kwa sababu alitaka kufia bunge la chini na watu wake. Michael Foot wa Labour hakutaka chochote.

Ila usije ukasema wajamaa wote hukataa. Attlee, baba wa huduma yao ya afya ya bure, alimaliza na CH, Order of Merit, u-Earl na Garter. Vyote vinne. Kwangu mimi hakuna mwanasiasa wao wa karne iliyopita aliyestahili zaidi yake.

#4 Mtu wa Chumbageni

Mleta uzi umeruka kisa kitamu kuliko vyote. Tony Benn mbona?

#5 Kalamu Nyeusi

Mkuu nilikuwa namtunza, lakini umemwita mwenyewe.

Benn alikuwa mbunge wa Labour wa Bristol. Baba yake alikuwa Viscount Stansgate. Novemba 1960 mzee akafariki, na usiku huo huo kwa sheria ya wakati ule Benn akawa lodi, atake asitake. Kiti cha ubunge kikaondoka. Ukaitishwa uchaguzi mdogo 1961, naye akagombea na kushinda! Mahakama ikasema hapana, kiti apewe mgombea wa Conservative aliyeshindwa. Miaka miwili akahangaika mpaka Bunge likapitisha Sheria ya Malodi ya 1963, inayomruhusu aliyerithi kukivua cheo. Sheria ilipopata saini ya Malkia, siku ile ile Benn akavua chake.

Sasa sikiliza. Miezi michache tu mbele, waziri mkuu Macmillan wa Conservative akaugua na kujiuzulu. Conservative wakamchagua nani? Earl wa Home, lodi wa kumi na nne katika ukoo wake. Naye akatumia sheria ile ile iliyopiganiwa na mjamaa Benn, akavua u-Earl, akagombea ubunge Scotland, akawa Sir Alec Douglas-Home, waziri mkuu. "Sir" ilitoka kwenye Thistle aliyopewa 1962. Halafu 1974 akapewa ulodi wa maisha na kurudi kule kule alikotoka. Mtu mmoja kaingia Bunge la Malodi mara mbili kwa milango miwili.

#6 Mwanasheria Mstaafu

Nimeishi Uingereza miaka mingi, nina la kuongeza. Mnawazungumzia mawaziri wakuu tu. Nenda viti vya nyuma ndiyo utaona nishani inavyofanya kazi kila siku. Mbunge ambaye hatapata uwaziri kamwe, lakini anapiga kura anavyoelekezwa na wanadhimu wa chama miaka ishirini, mwisho wake ni "Sir". Na mke wake anakuwa "Lady". Usidharau hilo la mke.

#7 Kalamu Nyeusi

Mzee wangu shikamoo, umelenga palepale.

Kwa watu wa viti vya nyuma nishani ni kama karoti mbele ya punda, na wanadhimu ndio wanaoishika kamba. Mwaka 2012 serikali ya Cameron iliunda kamati maalumu ya nishani kwa utumishi wa bunge na siasa. Kwenye karatasi kamati ipo kupima ustahili. Ila majina yanaingiaje pale mezani ndilo swali.

Mfano unaoudhi Waingereza wengi ni Gavin Williamson. Alifukuzwa Wizara ya Ulinzi 2019 kwa tuhuma za kuvujisha siri za Baraza la Usalama wa Taifa, akakana. Johnson akamrudisha, wizara ya elimu, ikaja fujo ya matokeo ya mitihani ya 2020. Akaondolewa 2021. Machi 2022 akawa Sir Gavin. Mtu kafukuzwa mara mbili! Lakini huyu alikuwa Mnadhimu Mkuu wakati wa Theresa May, na aliongoza hesabu za kura Johnson alipogombea uongozi wa chama. Maelezo rasmi yalikuwa utumishi wa umma na wa kisiasa. Mimi naona mtu anayejua madaftari ya kila mbunge si wa kumwacha aondoke na kinyongo.

Kisha kuna orodha za kujiuzulu. Waziri mkuu akiondoka anaruhusiwa kuacha majina. Hii mila ndiyo imechafua mambo kuliko nyingine. Wilson 1976 aliacha orodha iliyojaa wafanyabiashara, na mmoja wao, Lord Kagan, baadaye alifungwa jela. Liz Truss alikaa siku 49, akaacha majina 11, watatu wakiwa malodi. Malodi watatu kwa siku 49, piga hesabu mwenyewe. Johnson orodha yake ilitoka tarehe 9 Juni 2023: Jacob Rees-Mogg akawa Sir, Priti Patel akawa Dame. Siku hiyo hiyo, jioni, Johnson mwenyewe akatangaza anaacha ubunge kwa sababu kamati ya bunge ilikuwa inakaribia kumtia hatiani kwa kulidanganya Bunge kuhusu zile sherehe za wakati wa Korona.

Orodha ya Sunak ya 2025 haikuwa na kelele sana: Jeremy Hunt na James Cleverly wakawa Sir, Michael Gove akawa Lord. Pia akamweka James Anderson, mrusha mpira wa kriketi. Huyo hakuna aliyelalamika.

#8 Mtu wa Chumbageni

Hapo kwa Johnson, kuna mama mmoja alilia sana kwenye vyombo vya habari kwamba kanyimwa.

#9 Kalamu Nyeusi

Nadine Dorries. Alikuwa waziri wa utamaduni, mtiifu kwa Johnson kuliko kivuli chake, na ilishaandikwa kila mahali kwamba anakwenda kuwa lodi. Orodha ikatoka bila jina lake.

Hapa lazima tuitaje tume inayochuja malodi, iliyoundwa 2000. Kazi yake ni kuangalia kama mtu ana doa, haiangalii kama ana akili. Ilithibitisha kwamba ilikataa majina manane ya Johnson. Kwa wabunge kulikuwa na tatizo la ziada: huwezi kuwa mbunge na lodi kwa wakati mmoja, na hawakutaka kuachia viti mapema kusababisha chaguzi ndogo ambazo Sunak angezipoteza. Basi Dorries akabaki anamlaumu Sunak, Johnson naye anamlaumu Sunak, Sunak anasema aliombwa kuupindua uamuzi wa tume akakataa.

Na kupindua kunawezekana, kwa sababu tume hushauri tu. Desemba 2020 Johnson alimpa ulodi Peter Cruddas, aliyekuwa mweka hazina wa Conservative, tume ikiwa imesema asipewe. Ilikuwa mara ya kwanza waziri mkuu kufanya hivyo. Siku chache baada ya kuapishwa Februari 2021, Cruddas akakichangia chama pauni 500,000. Tafsiri namwachia msomaji.

#10 Bint Kisauni

Kwa hiyo zinauzwa. Semeni tu.

#11 Kalamu Nyeusi

Ziliwahi kuuzwa waziwazi, dada. Waziri mkuu Lloyd George baada ya Vita vya Kwanza alikuwa na dalali, Maundy Gregory, mwenye ofisi karibu na Bunge. Bei zilikuwa zinajulikana mjini: u-Sir pauni 10,000, u-baronet (u-Sir wa kurithiwa) 30,000 na zaidi, ulodi kuanzia 50,000. Ndipo ikatungwa sheria ya 1925 ya kuzuia matumizi mabaya ya nishani. Aliyetiwa hatiani kwa sheria hiyo ni Gregory, 1933. Lloyd George mwenyewe? Akafanywa Earl 1945, wiki chache kabla ya kufa.

Mwaka 2006 polisi waliichunguza Labour kwa sababu watu walioikopesha chama fedha kimyakimya walipendekezwa kuwa malodi. Blair akahojiwa akiwa waziri mkuu madarakani. Hakuna aliyeshtakiwa.

Ila tukiishia kwenye fedha tutakosea kuwaelewa wanasiasa wenyewe. Waziri mwandamizi hanunui, anasukumwa au anasubiri. Tuangalie Spika. Kwa mila yao Spika akistaafu anakwenda Malodi. George Thomas alikwenda, Betty Boothroyd alikwenda, Michael Martin alikwenda hata baada ya kulazimishwa kujiuzulu 2009 kwenye kashfa ya posho. John Bercow hakwenda. Serikali ya Johnson ilikuwa na hasira naye kwa jinsi alivyoendesha mijadala ya Brexit, ikamruka. Corbyn akampendekeza kwa upande wa Labour, haikuwezekana, kwa sababu kulikuwa na malalamiko ya kunyanyasa wafanyakazi. Machi 2022 jopo huru likathibitisha alikuwa mnyanyasaji. Kwa hiyo alikosa kwa sababu mbili, moja ya kisiasa na moja ya haki, na kila upande unataja ile inayoupendeza.

#12 Mwanasheria Mstaafu

Watu pia wachanganue. Sir Keir Starmer hakupewa kwa siasa. Alipewa 2014 kwa kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, hajawa hata mbunge. Na Geoffrey Howe aliyemwangusha Thatcher alikuwa Sir tangu 1970, kwa sababu tu aliteuliwa naibu mwanasheria mkuu wa serikali. Cheo hicho zamani kilikuja na u-Sir wake kama mshahara.

#13 Kalamu Nyeusi

Asante mzee. Ndiyo maana wenye kazi za sheria serikalini walizipata kirahisi kuliko mawaziri wengine: wao zilikuja na kazi yenyewe.

Nami nimtaje mmoja ambaye namheshimu. John Profumo, Waziri wa Vita, alilidanganya Bunge kuhusu uhusiano wake na Christine Keeler, akajiuzulu 1963. Hakwenda kuandika kumbukumbu zake wala kuzunguka kwenye televisheni. Alikwenda Toynbee Hall, kituo cha kusaidia maskini mashariki mwa London, akaanza kwa kuosha vyombo, akabaki huko miaka na miaka akiwatafutia fedha. Mwaka 1975 akapewa CBE (Commander of the Order of the British Empire), kwa kazi ile ya hisani. CBE ni ndogo kwa mtu aliyekuwa waziri, wala haina "Sir". Ila katika orodha yote hii ndiyo ninayoweza kusema bila kusita kwamba ilifanyiwa kazi.

#14 Bint Kisauni

Sisi Mombasa tulikuwa na Sir wetu, Ali bin Salim, Liwali wa Pwani. Na Amin kule Uganda alijipa CBE yake mwenyewe, "Mshindi wa Dola ya Uingereza". Hakusubiri barua.

#15 Mtu wa Chumbageni

😂😂 Amin alijua kalamu anayo nani.

Swali la mwisho kwangu: zinarithiwa? Na ukiharibu wanakuvua?

#16 Kalamu Nyeusi

U-Sir wa kawaida haurithiwi. Ulodi wa maisha, unaotolewa tangu sheria ya 1958, unakufa na mwenyewe. Thatcher alifufua ulodi wa kurithiwa 1983, akawapa naibu wake Whitelaw, aliyekuwa na mabinti watupu, na Spika Thomas, ambaye hakuoa. Yaani alitoa vya kurithiwa kwa watu wasio na mrithi wa kiume. Macmillan tu, 1984, ndiye chake kilimfikia mjukuu.

Kuvua, wanavua. Mugabe alipewa u-Sir wa heshima 1994, akanyang'anywa 2008. Kagan yule wa Wilson alinyang'anywa u-Sir akabaki na ulodi, kwa sababu ulodi unahitaji sheria ya Bunge kuuondoa. Jeffrey Archer, mwanasiasa wa Conservative, alifungwa 2001 kwa kusema uongo mahakamani, akatoka jela bado ni Lord Archer.

Na kuna cheo kimoja kinachorithiwa ambacho watu husahau, u-baronet. Thatcher alipoangushwa 1990 mume wake Denis alipewa, cha kwanza tangu 1964. Denis alifariki 2003, kikaenda kwa mtoto wao Mark. Agosti 2004 Mark akakamatwa Cape Town kwa kuhusika na mpango wa kuipindua serikali ya Equatorial Guinea. Januari 2005 akakiri kosa chini ya sheria ya Afrika Kusini ya kuzuia mamluki, faini randi milioni tatu na kifungo cha nje. Faini ililipwa, na u-Sir anao mpaka leo.